Katambuga ya Kushoto

Gari letu ni la Kijapani, la mwaka 1994, la siti saba, na injini yake haikai mbele kama ya magari ya watu wengine. Inakaa chini ya kiti cha dereva. Marehemu baba yangu, Zabroni, alilinunua mwaka 2012 kwa sababu hiyo hiyo. Alisema aliyelibuni ni mtu wa mawazo yake. Nilimwambia watu wa mawazo yao ndio wanaowakosesha wenzao spea. Hakunisikiliza. Kule Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi ya Kanembwa, alikuwa fundi wa malori ya chakula, na fundi hafundishwi magari na binti anayepanga maboksi ghalani.

Baba alifariki 2020, gari likabaki mikononi mwangu. Miaka minne halikunisumbua. Nilibadilisha oili, nikanunua matairi, nikaliosha kila nilipopata Jumamosi ya kupumzika. Kisha mwezi Oktoba likaanza kugonga.

Mlio ulitoka chini yangu, ko-ko-ko, hasa nikisimama kwenye taa. Nikiongeza mwendo unapungua, nikipunguza unarudi. Nililipeleka gereji moja kule Shively, hapa hapa Louisville. Fundi alikuja na kompyuta yake, akainama, akapapasa chini ya usukani akitafuta pa kuichomeka, asipaone, kwa kuwa gari lilitoka kiwandani kabla ya mambo hayo. Akaniambia kwa upole kwamba gari limezeeka mno. Mimi nina miaka arobaini na sita na goti linalolia kila nikipanda ngazi, na hakuna aliyependekeza nitupwe. Gereji ya pili walisema injini imekwisha, niweke nyingine, na nyingine haipatikani.

Wakati mwingine wowote ningenuna siku mbili kisha nikapanda basi kwenda kazini. Lakini wiki hiyo hiyo ilikuja simu kutoka Buffalo. Mama mkubwa Mukandoli, dada pekee aliyebaki wa mama yangu, angepasuliwa moyo Jumatatu asubuhi. Mama aliweka simu mezani, akaenda chumbani, akaanza kufunga mzigo. Ilikuwa Jumanne.

Mama anaitwa Dafroza, ana miaka sabini na nne, na hapandi ndege. Aliipanda mara moja, ile iliyotutoa Tanzania mwaka 2008, akashuka akisema Mungu amemvusha na hatamjaribu tena. Mabasi ya kwenda mbali yanadai kubadilisha katikati ya safari na miguu yake haiwezi. Watu wenye magari mazuri tuliowajua pale Beechmont, mtaani kwetu, wote walikuwa na shifti wikendi ile. Kwa hiyo palikuwa na gari letu, au hapakuwa na kitu.

Sasa lazima niseme habari za katambuga, maana bila hizo mama hangekuwa na haraka ile.

Jina letu lilipotokea kwenye ubao wa kambi, kati ya waliokubaliwa kuja Marekani, la mama mkubwa halikutokea. Siku hiyo aliuza sufuria yake kubwa, akaenda kwa mshona viatu wa sokoni, akamtengenezea mdogo wake katambuga za tairi la lori. Akasema Marekani ni mbali, utahitaji viatu visivyokwisha. Mama alizivaa ndani ya ndege. Alizivaa Louisville, nyumbani na bustanini, miaka mitano. Mwaka 2013 ile ya kushoto ikapotea. Wiki hiyo mimi ndiye nilikuwa nimefanya usafi wa nyumba nzima, na mama alinihukumu siku hiyo hiyo. Nimeapa, nimelia, nimepekua mapipa ya taka ya jengo zima mikono mitupu. Haikusaidia. Kwa miaka kumi na moja kila niliposhika fagio alikuwa ananiambia, "Angalia usije ukatupa na ya kulia."

Hayo niliyazoea. Lililomuumiza mama ni jingine. Mama mkubwa naye aliletwa Marekani mwaka 2017, wakamweka Buffalo, na kila alipopiga simu aliuliza, "Katambuga zangu bado zipo?" Mama akajibu, "Zipo, dada." Alidanganya mara ya kwanza kwa aibu, kisha ikawa vigumu kurudi nyuma. Kila mwaka tulisema mwaka huu tunakwenda kumwona, na kila mwaka mama ndiye aliyepata sababu ya kutokwenda.

"Siwezi kumwacha aingie kwenye kisu na uongo wangu," aliniambia usiku ule wa Jumanne. Alikuwa ameifunga katambuga ya kulia kwenye kipande cha kitenge na kuiweka juu kabisa kwenye mkoba. Alitaka kumpa dada yake mkononi na kumwambia ukweli kwa mdomo wake. Jumapili ilikuwa ndiyo mwisho wa muda aliokuwa nao.

Nilimpigia Mzee Revokatus, aliyeko Columbus, njiani kwenda Buffalo. Huyo na baba walitengeneza malori pamoja Kanembwa kwa miaka tisa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu Spés. Gari la Zabroni bado linatembea?"

Nikamweleza mlio. Akaniuliza kama nina mwiko wa ugali. Nikadhani nimemchosha na ameanza kuzungumzia chakula.

"Kambini hatukuwa na vipimo," akasema. "Toa zulia, fungua mfuniko, washa injini. Weka ncha ya mwiko kwenye chuma, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Usiuweke sikioni. Kwenye mfupa."

Kwa hiyo Alhamisi mchana, kwenye paking ya Beechmont, majirani wakinitazama, nilipiga magoti mlangoni mwa gari na mwiko wa ugali kichwani. Na hapo nikasikia. Sijui niseme vipi. Nimeendesha gari lile miaka minne na sikuwa nimewahi kulisikia. Mwiko ulinipeleka ndani. Mahali pamoja palikuwa na mapigo ya haraka, sawasawa, bila kukosea. Nikiusogeza vidole vitatu tu, yanapotea, unakuja mvumo laini wa kitu kinachozunguka kwenye mafuta. Kila chuma kilikuwa na sauti yake na vyote vilikwenda pamoja. Nilisahau majirani.

"Sasa sogea mbele," Mzee akasema kwenye simu. "Mlio unazidi au unapungua?"

"Unazidi."

"Basi injini ni nzima. Waliosema imekufa hawakuisikiliza. Kuna shafti ndefu inatoka hapo kwenda mbele kuzungusha feni na altaneta. Hapo ndipo pamelegea. Njoo nalo Jumamosi, usipite maili hamsini na tano kwa saa."

Jumamosi tuliondoka alfajiri. Malori yalitupita yakatupigia honi, na mimi niliwajibu madereva wake kwa maneno ambayo mama alijifanya hayasikii. Tulipopita Cincinnati akasema tu, "Linagonga zaidi." Nilikuwa nimeshasikia. Tulipoingia paking ya Mzee Revokatus kule Columbus, saa sita mchana, lilikuwa linagonga hata kwenye mwendo.

Mzee ana miaka sabini na moja, na tangu aje nchi hii kazi yake imekuwa kufunga mizigo kiwandani. Alimsalimia mama kwa mikono miwili, akamwita shemeji, akachukua mwiko wangu bila kuuliza. Alifumba macho. Alisikiliza muda mrefu kiasi kwamba mama alianza kusali kimoyomoyo, nikiona midomo yake. Kisha Mzee akaniambia nizime, akatandika kadibodi, akapandisha gari kwa jeki, akajitelezesha chini mwenyewe.

Shafti ile, alituonyesha baadaye, haijashikamana na mwenzake chuma kwa chuma. Katikati kuna bushi sita, pete ndogo za mpira, zinazomeza mtikisiko. Bila hizo, chuma hupiga chuma hadi kikatike, na kikikatika ukiwa kwenye barabara kuu, hapo ulipo ndipo utakapolala. Alitoka chini ameshika pete hizo sita kwenye kiganja, zimelika, nyingine zimebaki ukingo tu. Alizigeuzageuza.

"Hizi si za kiwandani," akasema. "Zimekatwa kwa kisu. Tazameni, kuna nyuzi ndani. Ni tairi la lori la zamani. Hii ni kazi ya mkono wa Zabroni, ningeijua hata gizani. Anakata akielekea kushoto."

Mama alinyoosha mkono, akachukua pete moja iliyokuwa na nafuu. Upande mmoja ulikuwa bado na mistari miwili ya mshazari, na katikati ya mistari tundu dogo la msumari. Mama aliitazama. Akafungua mkoba, akafungua kitenge, akaigeuza katambuga ya kulia na kuiweka pete juu ya soli yake. Mistari miwili ya mshazari ikakutana na mistari miwili ya mshazari, tundu la msumari mahali pa tundu la msumari.

Nilikaa chini kwenye lami. Miaka kumi na moja tulikuwa tukikikalia kiatu kile. Kilizunguka chini yetu maelfu ya mara kila dakika, kikatupeleka kanisani, sokoni, kazini kwenye theluji. Kilimpeleka baba hospitali siku ya mwisho, na kikatupeleka sisi kumzika. Na kila tulipofika mahali, mama alishuka garini akinilaumu kwa kukitupa.

"Zabroni," mama akasema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akimwitia chakula. Kisha akanigeukia. "Spés."

"Abee, mama."

"Hukuitupa."

"Sikuitupa."

"Na yeye alikuwa anakaa pale mezani, ananisikia ninavyokugombeza, anamega ugali."

"Alikuwa anasubiri apate spea halisi, ndipo aseme," Mzee Revokatus akasema. "Mimi namjua. Aliikosa, siku zikapita, akaona haya."

Mama alicheka kidogo, kisha akafuta macho kwa kile kitenge. Mimi nilikuwa na hasira na baba, hasira ya kweli, na wakati huo huo nilitamani kuubusu mkono wake uliokata vile. Sikujua mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa mpigo. Akaniomba msamaha mama yangu, hapo hapo, mbele ya mtu, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona.

Ilibaki kazi. Nilimpigia Mwinshehe, Mluguru wa Morogoro anayeishi Kenmore, ubavuni mwa Buffalo, na kufanya kazi yadi ya magari chakavu, tuliyemfahamu kwenye kundi la Waswahili la simu. Nilimtumia picha. Baada ya nusu saa akanirudia.

"Dada Spés, gari kama lenu lipo hapa yadini, jeupe, limegongwa nyuma. Hiyo shafti ninayo, na bushi zake ni nzima. Nakufungulia kesho asubuhi."

Spea iko Buffalo na gari liko Columbus. Tulitazamana. Mzee alijikuna ndevu.

"Nahitaji mpira wa kuwafikisha tu," akasema. "Tairi za hapa zina nyaya za chuma ndani, zitakula shafti. Mabomba ya mpira ni laini, hayatamaliza maili mia. Zabroni hakuchukua kiatu cha mkewe kwa kukosa adabu, shemeji. Alichukua kwa sababu hakuna mpira mwingine mji huu wala ule wenye unene huo na nyuzi hizo."

Hakuitazama katambuga ya kulia, na mimi sikuitazama, na kwa kutoitazama kwetu mama alielewa vizuri kabisa.

Alikaa kwenye kiti cha plastiki cha Mzee, kiatu kwenye mapaja. Alikuwa amekibeba ili akiweke kwenye mkono wa dada yake. Ndicho kilikuwa kinathibitisha kwamba angalau kimoja alikitunza. Akikitoa, atafika mikono mitupu. Asipokitoa, hatafika. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa na la kusema na nikalimeza.

"Kikikatwa, tutafika?" akauliza.

"Cha kushoto kilitembea miaka kumi na moja. Buffalo ni mwendo wa saa sita," Mzee akajibu.

Mama akampa. "Anza kisiginoni," akasema. "Kanda za juu uniachie."

Mzee alikata akitumia kipande cha bomba alichokinoa ukingoni, akikigonga kwa nyundo juu ya ubao. Pete sita. Alizipima moja moja kwa ukucha, moja akaitupa akakata nyingine. Mikono yake, iliyofunga maboksi miaka kumi na sita, ilikuwa inafanya kazi iliyozaliwa nayo, na nilimwona uso umebadilika. Jua lilikuwa linashuka alipomaliza kufunga. Akaniambia niwashe.

Niliwasha. Nikasubiri mlio. Niliusubiri kama mtu anayesubiri jina lake liitwe. Hakukuwa na kitu, ila mvumo.

Tulilala kwake, tukaondoka Jumapili asubuhi. Sikufungua redio. Kutoka Columbus hadi Cleveland nilikuwa nasikiliza kwa matako na kwa miguu, na gari lilikwenda kimya, maili sitini, sitini na tano. Kisha ziwa Erie likaonekana upande wa kushoto, la kijivu, halina mwisho, na mama akasema, "Ninatembea juu ya maji ya watu kwa kiatu changu mwenyewe." Nilimwambia tuko juu ya lami. Alisema najua, endesha.

Mwinshehe alitupokea Kenmore saa tisa alasiri, shafti imefungwa kwenye gazeti, imesafishwa hadi inang'aa. Nikamwambia tutaifunga kesho kutwa, kabla ya kurudi. Aliinama chini ya gari na tochi ya simu kutazama kazi ya Mzee, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alisema, "Dada, mimi nalala na spea za nchi nzima, sijawahi kuona kitu hiki." Kisha akatuongoza hadi hospitali.

Mama mkubwa alikuwa amekonda. Alikuwa ameegemezwa mito. Mama alipoingia alikwenda moja kwa moja kitandani. Walishikana vichwa. Miaka kumi na sita. Mimi nilitazama dirisha, kwa sababu mambo mengine si ya kutazama.

Kisha mama mkubwa akaiangalia miguu ya mdogo wake, iliyokuwa kwenye raba nyeupe za kununua dukani, na akauliza, kama tulivyojua atauliza, "Katambuga zangu ziko wapi?"

Mama alifungua kitenge juu ya blanketi. Kulikuwa na kanda mbili za ngozi na zile pete sita za kushoto zilizolika. Akamwambia yote. Akamwambia alivyodanganya, alivyonilaumu, Zabroni alivyoiba, Revokatus alivyosikia kwa mwiko. Akasema, "Ya kushoto ilinibeba miaka kumi na moja sijui. Ya kulia imenileta leo, iko chini ya gari huko nje. Sina cha kukuonyesha ila hiki kilichobaki."

Mama mkubwa alichukua pete moja, akaiminya kwa kidole gumba, akainusa.

"Niliuza sufuria," akasema.

"Najua, dada."

"Watu walinicheka. Walisema huko anakokwenda kuna viatu." Akaanza kucheka, akashika kifua, akaacha, akacheka tena polepole. "Na kumbe ulikuwa unavivaa hata ulipokuwa umekaa."

Jumatatu asubuhi walikuja kumchukua. Nesi alimvua miwani, akamvua rozari, akaviweka kwenye mfuko wenye jina lake. Mkono wa kushoto ulikuwa umefumbwa na haukufunguka. Nesi akajaribu kidogo, kwa heshima, kisha akaniuliza mimi kuna nini mle ndani.

Nilimtazama mama. Mama alikuwa anatazama sakafu.

"Ni spea ya gari," nikamwambia.

Nesi alifikiri. Alichukua bandeji nyeupe, akauzungushia mkono ule ukiwa umefumbwa hivyo hivyo, akaibana kwa plasta, na wakaondoka naye.